Swichi ya boya: namna ya kuifundisha kompyuta ndogo kuzima pampu ya maji

TANGI la maji linapofurika juu ya paa usiku, mwenye nyumba huligundua jambo hilo akiwa amechelewa. Maji yameteremka ukutani, uani kumekuwa na dimbwi, na uniti za LUKU zimeteketea bila faida.

Hali hiyo ni ya kawaida katika miji ya pwani, kuanzia mitaa ya Ngamiani na Makorora jijini Tanga hadi Pangani na Bagamoyo. Maji huhifadhiwa katika tangi la chini, hupandishwa juu kwa pampu, na kazi ya kuiwasha na kuizima pampu hiyo huachiwa mtu mwenye kusahau.

Dawa yake inajulikana: ni swichi ya boya, yaani swichi inayofunguka na kufunga kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Swichi hiyo ikiunganishwa na kompyuta ndogo ya kujifunzia, pampu inaweza kujizima yenyewe, na kijana wa sekondari anaweza kuelewa kila hatua ya kazi hiyo.

Hata hivyo, swichi si kitu chepesi kama inavyodhaniwa. Wengi wanaoanza huuliza kompyuta itajuaje kuwa swichi imefungwa. Swali lenye uzito zaidi ni jingine: itajuaje kuwa swichi imefunguka, na itafanya nini siku waya utakapokatika?

Kompyuta ndani ya chipu moja

Kifaa kinachotumika katika kazi hii huitwa maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya chipu moja, ikiwa na kichwa cha kufikiri, kumbukumbu, na miguu ya chuma inayoitwa pini. Kupitia pini hizo chipu hupokea na kutoa umeme mdogo.

Bodi iliyozoeleka zaidi miongoni mwa wanafunzi ni Arduino. Ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, katika chuo cha usanifu, ikiwa imejengwa juu ya mradi wa awali ulioitwa Wiring wa mwanafunzi Hernando Barragán kutoka Colombia. Waanzilishi wake, akiwamo Massimo Banzi, walitaka bodi ambayo mtu asiye mhandisi angeweza kuinunua na kuitumia.

Michoro ya bodi hiyo iliachwa wazi ili yeyote aweze kuitengeneza. Ndiyo maana leo bodi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni nakala zilizotengenezwa na viwanda vingine, na kwa mazoezi ya kawaida hufanya kazi ileile. Baadhi ya nakala hizo huhitaji programu ya ziada katika kompyuta ili zitambuliwe zinapochomekwa kwa kebo ya USB.

Bodi ya Arduino Uno, iliyotoka mwaka 2010, ina chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa mwendo wa megahezi 16. Nafasi ya kuhifadhia programu ni kilobaiti 32 na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Ina pini 14 za kidijitali, na umeme wake ni wa volti 5.

Jijini Tanga fani hii si ngeni. Jiji lina STEM Park, inayoendeshwa na taasisi ya Project Inspire kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji, ambako wanafunzi hujifunza sayansi kwa kushika na kutengeneza. Aidha, Tanga ina historia ndefu ya elimu ya ufundi kupitia Shule ya Ufundi Tanga na chuo cha VETA.

Kimya si jibu

Pini ya maikrokontrola iliyowekwa kusoma hujua majibu mawili tu: juu na chini. Katika lugha ya programu majibu hayo huandikwa HIGH na LOW. Kwa bodi ya volti 5, umeme unaozidi volti 3 husomwa kuwa juu, na ulio chini ya volti 1.5 husomwa kuwa chini. Katikati ya viwango hivyo hakuna jibu la kutegemewa.

Mtu anayeanza huunganisha upande mmoja wa swichi kwenye volti 5 na upande wa pili kwenye pini, akiamini kazi imekwisha. Swichi ikifungwa, pini husoma juu. Ikifunguliwa, anatarajia isome chini.

Sivyo inavyokuwa. Swichi ikifunguka, pini haibaki chini, bali hubaki haijaunganishwa na kitu chochote. Kwa kuwa inahitaji umeme kidogo mno ili kubadilika, hugeuka kuwa kama antena. Hunasa umeme unaozagaa kutoka nyaya za ukutani, au hata mkono wa mtu unaopita karibu, na kusoma juu mara hii na chini mara ile. Mafundi husema pini hiyo inaelea.

Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayejifunza. Taa huwaka bila kuamriwa, na mwanafunzi hudhani bodi ni mbovu, kumbe imeulizwa swali ambalo halijapewa jibu.

Suluhisho ni rezista inayoiunganisha pini na volti 5 muda wote. Rezista huivuta pini iwe juu pale swichi inapokuwa wazi. Swichi yenyewe huwekwa kati ya pini na waya wa hasi, ulioandikwa GND kwenye bodi. Ikifungwa, huishusha pini chini mara moja, kwa sababu njia ya swichi ni nyepesi kuliko njia ya rezista.

Chipu ya ATmega328P ina rezista za namna hiyo ndani yake, zenye ukinzani wa kati ya kiloomu 20 na 50. Mwandishi wa programu huziwasha kwa neno moja tu, INPUT_PULLUP.

Matokeo yake huwachanganya wengi mwanzoni, kwani majibu yamegeuka. Swichi iliyofungwa husomwa LOW, na iliyo wazi husomwa HIGH. Ni vema anayejifunza akalikariri jambo hili mapema, kwa kuwa ndilo litakaloamua usalama wa pampu.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Zoezi la kwanza halihitaji maji wala pampu. Linahitaji bodi moja, kebo ya USB, ubao wa majaribio wenye matundu, kitufe kidogo, taa ndogo ya ledi, rezista ya omu 220 na nyaya fupi chache. Kitufe kitashika nafasi ya boya, na taa itashika nafasi ya pampu.

Kwanza, kebo ya USB ichomolewe ili bodi isiwe na umeme wakati wa kuunganisha.

Pili, kitufe kipachikwe katikati ya ubao. Kitufe hicho kina miguu minne, lakini ndani yake miguu hiyo imeungana miwili miwili. Anayechagua miguu miwili iliyoungana atapata swichi iliyofungwa daima. Njia ya uhakika ni kutumia miguu iliyo katika kona zinazotazamana kimshazari.

Tatu, mguu mmoja wa kitufe uunganishwe na pini namba 2, na wa kona ya pili uunganishwe na GND.

Nne, mguu mrefu wa taa uunganishwe na pini namba 8 kupitia rezista ya omu 220, na mguu mfupi uende GND. Rezista hiyo si pambo. Taa nyekundu hutumia takriban volti 2, hivyo volti 3 zinazobaki zikigawanywa kwa omu 220 hutoa karibu miliampea 14. Kiwango hicho ni salama kwa pini, ambayo inashauriwa isitoe zaidi ya miliampea 20. Bila rezista, taa au pini yenyewe inaweza kuungua.

Programu

Programu huandikwa katika kompyuta ya kawaida na kupelekwa kwenye bodi kwa kebo. Baada ya hapo bodi huikumbuka hata ikizimwa. Majina ya vitu katika programu huchaguliwa na mwandishi, hivyo yanaweza kuwa ya Kiswahili:

const int BOYA = 2;
const int TAA = 8;
const unsigned long SUBIRA = 50;

int haliThabiti = HIGH;
int haliYaMwisho = HIGH;
unsigned long wakati = 0;

void setup() {
  pinMode(BOYA, INPUT_PULLUP);
  pinMode(TAA, OUTPUT);
}

void loop() {
  int sasa = digitalRead(BOYA);
  if (sasa != haliYaMwisho) {
    haliYaMwisho = sasa;
    wakati = millis();
  }
  if (millis() - wakati > SUBIRA) {
    haliThabiti = sasa;
  }
  if (haliThabiti == LOW) {
    digitalWrite(TAA, HIGH);
  } else {
    digitalWrite(TAA, LOW);
  }
}

Sehemu iitwayo setup hutekelezwa mara moja bodi inapowaka. Humo pini namba 2 hupewa kazi ya kusoma, na pini namba 8 kazi ya kutoa umeme. Sehemu iitwayo loop hurudiwa bila kikomo, maelfu ya mara kila sekunde.

Kila mzunguko, programu huitazama swichi. Ikiona badiliko, huandika wakati badiliko hilo lilipotokea, lakini haichukui hatua. Ni mpaka hali mpya idumu bila kubadilika kwa zaidi ya milisekunde 50 ndipo inapoikubali. Kitufe kikibonyezwa na kushikiliwa, taa huwaka; kikiachwa, taa huzima.

Kwa nini programu isubiri

Subira hiyo ina sababu. Vipande viwili vya chuma vinapokutana ndani ya swichi havitulii papo hapo. Hugongana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, kama mpira unaodunda sakafuni. Jicho la mtu halioni, lakini chipu inayotazama maelfu ya mara kwa sekunde huona mibonyezo mingi badala ya mmoja.

Kwa kidole, milisekunde 50 zinatosha. Kwa maji hazitoshi. Tangi linapokaribia kujaa, maji yanayomwagika ndani yake huleta mawimbi madogo, na boya hupanda na kushuka juu ya mawimbi hayo. Programu yenye subira fupi itaiwasha na kuizima pampu mara nyingi mfululizo, na hakuna kinachoiua mota haraka kuliko kuwashwa na kuzimwa bila kupumzika.

Kwa hiyo, kitufe kinapobadilishwa kwa boya, namba 50 ibadilishwe kuwa 5000, yaani sekunde 5, au zaidi. Tangi halifuriki kwa sekunde 5, iwapo boya limefungwa chini kidogo ya ukingo.

Waya ukikatika, nani ataamua?

Hapa ndipo swichi ndogo inapogeuka kuwa jambo la hasara au usalama. Boya liko juu ya paa na bodi iko chini ndani ya nyumba. Kati yake kuna mita kadhaa za waya, jua, mvua, panya na ndege.

Kuna njia mbili za kulifunga boya. Katika njia ya kwanza, swichi hufunga tangi linapojaa, na kufungwa huko ndiko kunakoiambia bodi izime pampu. Njia hii huonekana ya kawaida na hufanya kazi vizuri siku ya majaribio.

Waya ukikatika baadaye, swichi haiwezi tena kufunga. Bodi itasoma HIGH daima, itaamini kuwa tangi bado lina nafasi, na pampu itaendelea kusukuma maji mpaka mtu aamke. Mfumo uliowekwa kuzuia mafuriko ndio utakaoyaleta.

Katika njia ya pili, swichi hufunga maji yanapopungua na hufunguka tangi linapojaa. LOW humaanisha kuwa maji yanahitajika, na HIGH humaanisha simama. Waya ukikatika, bodi husoma HIGH na pampu husimama. Mwenye nyumba atakosa maji na kupanda juu kutazama, jambo ambalo ni afadhali kuliko ukuta uliolowa na pampu iliyoungua.

Programu iliyoonyeshwa hapo juu imeandikwa kwa njia hiyo ya pili. Vilevile, inaanza ikiwa katika hali ya HIGH, hivyo umeme ukikatika na kurudi, bodi huamka ikiwa imesimamisha pampu na kusubiri hadi boya lithibitishe kuwa maji yanahitajika.

Maboya mengi madogo yenye sumaku, yanayoteleza juu ya kijiti, yanaweza kubadilishwa kutoka njia moja hadi nyingine kwa kulitoa boya na kuligeuza chini juu. Fundi apime kwa mita kabla ya kupanda paani.

Ikumbukwe kuwa njia ya pili nayo haizuii kila ubaya. Nyaya mbili zikigusana, yaani zikipiga shoti, bodi itasoma LOW na pampu itafanya kazi bila kikomo. Kinga yake ni kikomo cha muda. Kwa mfano, pampu inayotoa lita 30 kwa dakika hulijaza tangi la lita 1,000 kwa dakika zipatazo 33. Programu ikiambiwa izime baada ya dakika 45 na isiwashe tena hadi mtu aje, hata shoti haitaleta mafuriko ya usiku kucha.

Chumvi ya bahari

Katika mwambao wa Tanga, kukatika kwa waya si jambo la kufikirika. Hewa ya bahari ina unyevu na chembe za chumvi, ambazo hula chuma na kuitia shaba ukungu wa kijani. Kiungo kilichokuwa imara siku ya kufungwa huanza kupitisha umeme kwa shida, kisha hukatika kabisa.

Ubao wa majaribio wenye matundu haufai hata kidogo kwa kazi ya kudumu katika hewa hiyo. Viungo vilehemiwe kwa risasi, vifunikwe kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, na bodi iwekwe ndani ya kasha lililofungwa lisiloruhusu unyevu. Waya uingie kasha kutoka chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani.

Waya mrefu pia hunasa umeme unaozagaa. Rezista ya ndani ya chipu ni dhaifu kwa umbali huo, hivyo ni busara kuongeza rezista ya nje ya kiloomu 4.7 kati ya pini namba 2 na volti 5. Rezista hiyo hupitisha karibu miliampea 1 swichi inapofungwa. Aidha, waya wa boya usilazwe sambamba na waya wa pampu katika bomba moja.

Kutoka volti 5 hadi volti 230

Umeme unaofika katika soketi za nyumba za Tanga ni wa volti 230. Mkoa huu unaufahamu vizuri umeme, kwani Mto Pangani umekuwa ukiuzalisha kwa miongo mingi. Kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21 kilianza mwaka 1964, na kile cha New Pangani Falls chenye megawati 68 kilianza mwaka 1995. Umeme huo ndio unaosukuma pampu, na ndio unaoua.

Pini ya volti 5 haiwezi kuisukuma pampu. Kati yake huwekwa rilei, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Nayo rilei isiunganishwe moja kwa moja na pini, bali inunuliwe ikiwa juu ya kibodi chake chenye transista. Vibodi vingi vya aina hiyo hufunga vinapopewa LOW, si HIGH, kwa hiyo amri katika programu zigeuzwe ipasavyo, na jaribio lifanyike kwanza bila pampu.

Rilei ndogo za bluu huandikwa ampea 10, lakini kiwango hicho ni cha vitu kama taa za kawaida na pasi. Mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Rilei ndogo ikilazimishwa, vyuma vyake vinaweza kuungana kwa joto na kukataa kuachana, na hapo hakuna programu itakayoizima pampu. Njia sahihi ni rilei ndogo kuamuru kontakta kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mota.

Kazi yote ya upande wa volti 230 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, kukiwa na sakiti breka, waya wa athi na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Maji na umeme vinakutana katika kazi hii, na kosa moja halitoi nafasi ya kujifunza. Mwanafunzi abaki upande wa volti 5, ambako makosa hugharimu taa moja ya ledi.

Aidha, swichi ya kawaida ya kuzimia kwa mkono isiondolewe. Iwe mahali panapofikika, ikate umeme wa pampu moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kuukabidhi mfumo, majaribio manne yafanyike mbele ya mwenye nyumba. La kwanza, boya linyanyuliwe kwa mkono, pampu izime. La pili, waya wa boya uchomolewe makusudi wakati pampu inafanya kazi, pampu izime. La tatu, umeme wa nyumba uzimwe na kurudishwa. Pampu isiwake kabla ya subira iliyopangwa. La nne, nyaya mbili za boya ziunganishwe pamoja. Pampu izime muda wa kikomo unapofika.

Fundi wengi huishia kwenye jaribio la kwanza, kwa sababu ndilo linaloonyesha kuwa mfumo unafanya kazi. Matatu yanayofuata huonyesha mfumo utafanya nini siku utakaposhindwa kufanya kazi, na katika mji wenye hewa ya chumvi siku hiyo hufika mapema kuliko inavyotarajiwa.